Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Sataranji

Ndugu wanachama, wazee wetu, na ninyi vijana mliofika (nimewahesabu, tuko 14, viti tulikodi 50),

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mashindano ya Pasaka yalifanyika, ya Sabasaba pia. Shule mbili za sekondari tulizitembelea tukawaachia seti sita. Saa mbili za mchezo zimeharibika na moja haionekani, aliyeichukua anajijua. Mazoezi ya Jumamosi yaliendelea, mvua ikiruhusu.

Niende kwenye jambo lililowaleta leo hata wale ambao hatukuwaona tangu mwaka jana, yaani kompyuta ya chama.

Mwezi wa Machi niliiunganisha kompyuta yetu na Fishtest, mradi wa mtandaoni wa kupima injini ya Stockfish (injini ni programu ya kompyuta inayocheza sataranji), ili usiku tukiwa tumelala icheze michezo ya majaribio yake. Maneno yakawa mengi. Kuna aliyenipigia simu saa nne usiku. Kuna aliyeandika kwenye kundi letu kwamba mwenyekiti anawafanyia Wazungu kazi kwa umeme wa chama.

Uamuzi niliufanya peke yangu, nakiri. Lakini ningeufanya na nani? Kikao cha kamati kiliitishwa mara tatu, akidi ni watu watano. Cha kwanza tulikuja wawili, cha pili wawili, cha tatu mimi na mlinzi. Nimpigishe mlinzi kura?

Na hiyo kazi mnayoiita ya Wazungu, kila mmoja wenu anakula matunda yake. Ukimaliza mchezo kwenye Lichess, ile tovuti ya kuchezea sataranji, ukabonyeza uchambuzi, inayokuonyesha ulipompoteza malkia ni Stockfish. Nani hapa amewahi kuilipia hata shilingi? Mwaka 2004 Mnorwe mmoja, Tord Romstad, alitoa injini yake iliyoitwa Glaurung. Msimbo wake uliachwa wazi, na mwaka 2008 Mwitaliano Marco Costalba akauchukua, akaurekebisha, akautoa upya kwa jina la Stockfish: samaki mkavu, kwa maana amezaliwa Norwe na kupikwa Italia. Sisi wa pwani tungemwita ng'onda tu. Mfini Joona Kiiski naye akaingia jikoni.

Tatizo lao lilikuwa kupima. Mtu analeta badiliko dogo, pengine la mstari mmoja. Limeongeza nguvu au limepunguza? Kwa macho huwezi kujua, maana faida yenyewe huwa pointi moja au mbili za Elo, kile kipimo cha nguvu ya mchezaji. Inabidi toleo jipya lipambane na la zamani kwa maelfu na maelfu ya michezo, na mapendekezo mengi huishia kutupwa. Mwaka 2013 Gary Linscott akaanzisha Fishtest, ambapo watu wa kujitolea duniani kote wanaazima kompyuta zao zicheze michezo hiyo. Injini ikapanda mpaka kileleni kwa njia hiyo, bila kampuni kuimiliki. Kwa hiyo ndugu zangu, tulichokifanya ni kurudisha sahani ya jirani ikiwa na kitu ndani.

Wapo watakaosema injini hiyo ilishakwisha. Mwezi Desemba 2017 ilipotangazwa kwamba AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind, imeipiga Stockfish katika michezo 100, ikishinda 28 na kutoka sare 72 bila kufungwa hata mmoja, nilishinikizwa humu humu tununue programu ya kulipia. Nikasema tusubiri. Imo kwenye muhtasari, fungueni msome. Mwaka uliofuata Mjapani Yu Nasu akabuni NNUE kwa ajili ya shogi, sataranji ya kwao. Ni mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, tena usiodai mashine ya bei mbaya: kete ikisogea hauanzi hesabu upya, unarekebisha palipobadilika tu. Hisayori Noda akauhamishia Stockfish, na Septemba 2020 likatoka toleo la 12 likiwa nao. Ule ukadiriaji wa zamani wa nani anaongoza ubaoni, ulioandikwa kwa mikono ya watu, umekwisha kuondolewa kabisa. Fedha za chama zilibaki salama, na sikumbuki aliyenishukuru.

Hesabu. Wanachama 63, ada 24,000 kwa mwaka, waliolipa 19, sawa na 456,000, michango 300,000, jumla 756,000. Matumizi: umeme 312,000, zawadi 230,000, viti na usafiri 98,000. Salio 116,000. Katika umeme huo, kompyuta nakadiria ilikula 120,000, na 40,000 nililipa kutoka mfukoni mwangu. Stakabadhi anazo mweka hazina. Aliyelalamikia umeme kwa sauti kubwa kuliko wote anadaiwa ada ya miaka mitatu. Simtaji, ameketi karibu na mlango.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kumpata mdhamini, labda kocha, na ikiwezekana kompyuta ya pili. Mazungumzo yanaendelea mahali.

Kuhusu hoja ya kuizima kompyuta, nimeipokea kwa maandishi. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama, yaani 32, ndipo mkutano mkuu upige kura. Tuko 14. Kwa hiyo itaendelea kuwaka.

Naomba kuwasilisha.