Tuliobaki kazini tusikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wafanyakazi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, hasa wale ambao majina yao hayakusomwa siku wenzao walipopunguzwa. Gazeti linapoandika habari za kupunguzwa kazini huandika za walioondoka, na ni haki yao. Lakini wapo pia waliobaki, ambao kesho yake huingia getini asubuhi kama kawaida, wakaambiwa na kila wanayekutana naye kwamba wamshukuru Mungu, huku wakikosa mtu wa kukaa nao chini na kuwasaidia kupima kama waendelee kubaki au waanze kutafuta kwingine. Mimi ni mmoja wao.

Ni karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha mbao hapa Mafinga, na nimetimiza miaka 9 ya utumishi. Mwezi Juni, katika zile wiki za baridi na ukungu ambazo magari ya magogo hupita barabarani taa zikiwaka mpaka saa nne, karibu theluthi ya wenzetu walipunguzwa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandaa malipo yao ya mwisho. Nilikaa siku tatu na majina ya watu niliokunywa nao chai kwa miaka, nikipiga hesabu ya kila mmoja mara mbili kwa hofu ya kumpunja mtu hata shilingi. Kazi hiyo ilinifundisha jambo ambalo wengi wetu hatulijui mpaka tunapofikiwa, na ndilo lililonifanya niandike.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayeachishwa kazi na mwajiri, akiwa ametumikia miezi 12 au zaidi, kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Mzee mmoja wa mashine ya msumeno alikuwa na miaka 17 na mshahara wa msingi wa shilingi 312,000 kwa mwezi. Kwa wiki ya siku sita za kazi, siku yake moja ni shilingi 12,000, na siku 70 ni shilingi 840,000. Miaka yake 7 ya mwisho haikumwongezea chochote katika hesabu hiyo. Alinitazama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, una hakika hujakosea?" Nilimwonyesha karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniaga.

Hata hivyo mzee huyo alipata kitu. Alilipwa mshahara wa mwezi badala ya notisi, likizo yake ambayo hakuichukua na kiinua mgongo, na kwa kuwa alikuwa na michango inayozidi miezi 18 katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na hakuacha kazi kwa hiari yake, alikuwa na haki ya kuomba fao la upotevu wa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda wa hadi miezi 6. Kwake yeye ni takribani shilingi 104,000 kila mwezi, fedha ya kununulia mbolea na kulipa michango ya shule wakati anajipanga.

Sasa niseme juu ya dada mmoja wa stoo, ambaye habari yake inaniuma kuliko zote. Uvumi ulipoanza mwezi Mei alishauriwa na ndugu zake aandike barua ya kuacha kazi mapema ili aondoke kwa heshima, asisubiri kuitwa kwa orodha kama mtuhumiwa. Akaandika, akakabidhi, akaondoka bila kazi nyingine mkononi. Wiki mbili baadaye nilipoletewa rasimu ya orodha, jina lake lilikuwamo, limekatwa kwa kalamu na pembeni pameandikwa "ameacha". Alikuwa na miaka 6 kamili. Kiinua mgongo cha siku 42 kilikwenda na barua ile, na fao la NSSF likaenda nalo, maana aliyeacha kwa hiari halistahili. Heshima aliyoitafuta ni kitu cha kweli na simlaumu kuitamani, ila nasikitika kwamba katika ofisi nzima, nami nikiwamo, hakuna aliyemwambia bei yake kabla hajasaini.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa waliobaki ni kwamba wasiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya hofu peke yake. Kutafuta kazi nyingine ni jambo moja, kuacha uliyonayo ni jambo jingine, na kati ya mawili hayo panafaa pawe na mkataba mpya uliosainiwa.

Je, kutafuta kwenyewe kunafaa? Hapa nimejihoji kwa miezi kadhaa na ninaeleza nilivyofikiri, kwa kuwa najua wapo wanaojihoji hivyo hivyo Makambako, Iyunga, Njombe na Tukuyu. Kwanza niligundua kwamba kiinua mgongo si sababu ya kunibakiza. Mwaka ujao nitatimiza 10, na baada ya hapo kila mwaka nitakaoongeza hautaongeza kitu katika kiwango cha chini kinachowekwa na sheria. Pili, nikatazama upande wa pili, nikaona kwamba anayehama naye huanza upya. Kwa mwajiri mpya miaka yake inahesabiwa kutoka sifuri, na mtu mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja hafunikwi na sehemu ya sheria inayozuia kuachishwa kazi isivyo haki. Mara nyingi pia upunguzaji unapofika, walioingia mwisho ndio hutangulia kutoka. Mtu anaweza kukimbia kiwanda kinachoyumba akaangukia kwenye orodha ya kwanza ya kiwanda kingine.

Nilichokiona kuwa na uzito kuliko hayo yote ni hali ya kiwanda chenyewe, na hiyo haihitaji elimu ya uhasibu kuiona. Mshahara uliokuwa ukitoka tarehe 28 umeanza kutoka tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Vipuri vya mashine vinaazimwa kutoka mashine nyingine iliyokufa. Magogo yanayoingia kwa siku ni machache kuliko ya mwaka jana wakati kama huu. Mfanyakazi aombe pia taarifa ya michango yake NSSF na kuisoma mwezi kwa mwezi, kwa sababu pengo katika michango humweleza hali ya mwajiri wake waziwazi kuliko hotuba ya meneja, na pengo hilo ndilo litakalomsumbua siku atakapoomba mafao. Kwangu mimi dalili zimenitosha. Nimeamua kutafuta, nikiwa bado kazini na nikiendelea kuitimiza kazi yangu.

Kuitimiza nako kumekuwa kugumu. Kazi za watu watatu zimegawanywa kwa wawili, na watu wanaogopa kuuliza malipo ya saa za ziada wasije wakaonekana hawana shukrani. Sheria haikubadilika kwa sababu wenzetu wameondoka: saa za kawaida ni 45 kwa wiki, saa za ziada hufanywa kwa makubaliano na hazizidi 50 katika wiki nne, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya kawaida. Zaidi ya uchovu kuna aibu isiyo na kosa nyuma yake. Nikikutana sokoni na wale ambao malipo yao niliyaandaa, tunasalimiana "kamwene", tunaulizana watoto, kisha tunakosa la kusema. Ningependa wajue kwamba hatukuchaguliwa kwa kuwa bora kuliko wao, na kwamba tunawakumbuka.

Kwa waajiri wetu nina ombi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi mara tu anapoifikiria, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi kuhusu njia za kuepuka au kupunguza upunguzaji huo, namna ya kuwapata watakaoondoka, muda na malipo. Pasipo chama cha wafanyakazi, ashauriane na wafanyakazi wenyewe. Sisi tuliitwa uwanjani asubuhi moja na orodha ilikuwa imekwisha kuchapwa. Wapo waliokuwa tayari kupunguziwa siku za kazi kwa miezi michache, wapo waliokuwa na mashamba ya parachichi na viazi ambao wangeondoka kwa kujitolea kama wangeulizwa na kulipwa haki zao. Hawakuulizwa. Kama kuna awamu ya pili, tunaomba tuambiwe mapema, kwa sababu ukimya huu unawafanya watu waandike barua kama ile ya dada wa stoo.

Na wale waliokwisha kuondoka wakiona hawakutendewa haki wasikae nyumbani wakihesabu miezi, kwani muda wa kupeleka shauri la kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni siku 30. Waende pia kudai cheti cha utumishi ikiwa hawakupewa, maana mwajiri anatakiwa kukitoa na kila mahali watakapoomba kazi wataulizwa.

Maombi yangu ya kwanza ya kazi niliyapeleka Iringa wiki iliyopita, siku yangu ya mapumziko. Dada wa stoo nilimtafuta kabla ya safari, nikamwomba nakala ya wasifu wake, nikaiweka katika bahasha ile ile.

Karani wa mishahara,
Mafinga, Iringa.