Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kitivo: tupeni mwalimu kwenye kliniki

Shikamoo Mheshimiwa Mkuu,

Natumaini u mzima na kazi zinaenda. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa mwisho, kozi ya usafi wa kinywa na meno. Jina naomba libaki kwangu maana fomu zangu bado hazijasainiwa, na wewe mwenyewe unajua fomu zinavyoweza kupotea hapa kwetu. Barua za kawaida tumeshaandika, kupitia kwa kiongozi wa darasa, kupitia kwa mratibu wa kozi, tukaambiwa zimepokelewa na zinafanyiwa kazi. Sawa. Labda zinafanyiwa kazi mahali ambapo sisi hatupaoni, ndo maana hii nimeamua kuiandika hadharani.

Nianze na la wiki iliyopita, kwa sababu najua taarifa iliyokufikia mezani ni ile fupi ya "mgonjwa alipewa rufaa, hakuna madhara". Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Mwenzetu kampokea mama mmoja mtu mzima, kamjazia fomu ya historia, kwenye swali la ugonjwa wa moyo mama kasema hapana, presha hana, sukari hana. Akakaa kwenye kiti, kupima fizi kukaanza, upande wa juu kulia wote umeshapimwa na damu inatoka karibu kila jino, hapo ndo mama anasema kwa upole kabisa, mwanangu usishtuke, damu yangu huwa inachelewa kukata, nameza vidonge tangu waliponibadilishia vali. Vali ya moyo! Ya bandia! Kumbe kwake yeye huo sio ugonjwa tena, alishafanyiwa operesheni akapona, sasa kwa nini aseme ana ugonjwa wa moyo.

Mheshimiwa wewe ni daktari, huna haja ya kufundishwa na mimi, ila na wengine wanaosoma waelewe. Mtu mwenye vali ya bandia, bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kujikita kwenye ile vali wakaanzisha maambukizi yanayoua. Ndo maana mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa 2007 unataka mtu kama huyo apewe dawa ya kuua bakteria kabla ya kazi yoyote inayogusa fizi, amoksisilini gramu 2 kwa mtu mzima, dakika 30 mpaka 60 kabla. Na kama dozi ilisahaulika bado inaweza kutolewa ndani ya masaa mawili baada ya kazi. Haya, hayo masaa mawili ndo yakaanza kuhesabika, na kwenye chumba kizima, viti vyote vina watu, hakukuwa na mwalimu. Hata mmoja. Mama anasema penisilini ilishamtoa vipele, na amoksisilini ni ya ukoo huohuo, basi mmoja wetu anasema apewe klindamaisini kwa sababu ndo iko kwenye notsi zetu mpaka leo, mwingine anasema wewe hiyo waliiondoa kwenye mwongozo tangu 2021 kwa ajili ya madhara yake, tunabishana wanafunzi watupu juu ya kichwa cha mgonjwa na yeye anatuangalia usoni mmoja baada ya mwingine. Kuandika dawa haturuhusiwi, tunajua, lakini wa kuiandika yuko wapi?

Daktari alikuja kupatikana kwa simu ya mwanafunzi, wala sio simu ya chuo, ile ya ukutani haina hata mlio. Mama yuko salama, tunamshukuru Mungu. Ila Mheshimiwa, hiyo ni bahati, na bahati haimo kwenye mtaala.

Sasa naomba nikukumbushe kitu kwa heshima zote. Siku ya kutukaribisha ulisimama mbele ya wazazi wetu ukasema hakuna mwanafunzi wa kitivo chako atakayeingiza chuma mdomoni mwa mtu bila mwalimu kusimama nyuma yake. Wazazi wakapiga makofi, mama yangu mpaka leo akisimulia habari za chuo anaanzia hapo. Nimeshindwa kumwambia kuwa nyuma yangu huwa kuna kabati.

Najua utaambiwa wanafunzi wa siku hizi wanataka kutafuniwa, wasome vitabu. Tunasoma. Tena tunasoma sana. Muulize yeyote darasani kwetu atakwambia fizi yenye afya kipimo chake, yaani kina cha mfuko ulioko kati ya fizi na jino, ni milimita 1 mpaka 3, kila jino linapimwa sehemu 6, tatu upande wa shavuni na tatu upande wa ndani, mkono usibonyeze kuzidi gramu 20 au 25 hivi. Umeona hiyo gramu 25? Imeandikwa vizuri kabisa kwenye kitabu, mtihani tukaulizwa, tukajibu wote, tukapata. Sasa niambie Mheshimiwa, gramu 25 kwenye ncha ya kidole inakuwaje? Hakuna aliyezaliwa anaijua. Inabidi mtu anayejua ashike mkono wako akwambie hapo umezidisha, hapo hujafika chini, umegonga ugaga, ule uchafu uliogandia jino ukawa mgumu, ukadhani ndo mwisho wa mfuko. Ukibonyeza sana unatoboa tishu unaandika 6 pasipo na 6, ukiogopa unaandika 3 kwenye shimo la 7 na mgonjwa anaenda nyumbani na ugonjwa wake huku ana karatasi yenye muhuri wa chuo inayosema yuko poa.

Na hayo sisemi kwa kubuni. Pitisha macho kwenye kadi zilizoko kwenye droo pale mapokezi, hazijafungwa hata na kufuli. Kinywa chenye meno 28 kina vipimo 168. Kuna kadi zimeandikwa 2-3-2, 2-3-2, 2-3-2 kuanzia jino la kwanza mpaka la mwisho, mwandiko mmoja, mwendo mmoja, na juu pale mgonjwa ameandikwa mvutaji wa sigara wa miaka mingi. Eti hakuna hata damu. Mvutaji kukosa damu ndo inatakiwa ikutie wasiwasi, sigara inaficha damu ya fizi, mfupa unaliwa huku juu kunaonekana kumetulia! Hilo nalo lipo kwenye kitabu, lakini mwanafunzi aliyekaa peke yake ana wagonjwa wanaosubiri nje na logibuku, daftari la kazi zetu, inayodai idadi, kitabu hakikumbuki. Anajaza. Alafu Ijumaa anakuja mtu anasaini zote kwa mpigo bila kufungua mdomo wa mtu hata mmoja. Simlaumu aliyejaza, namshangaa anayesaini.

Kuna nyingine hii, ndogo ila inaniuma. Baba mmoja fizi zimeshuka milimita 4, mizizi iko nje, mfuko wenyewe ukiupima unapata 3 tu. Mwenzangu kaandika 3, kazungushia, fizi nzima. Kumbe unatakiwa ujumlishe, 4 na 3 ni 7, yaani huyo baba ameshapoteza milimita 7 za mshiko wa jino, kwa mpangilio mpya wa kupanga ukali wa ugonjwa wa fizi huyo yuko angalau hatua ya 3 kati ya 4. Na nasema mpangilio mpya kwa kuwa sisi bado tunafundishwa ule wa 1999, wakati dunia ilishahamia kwenye ule uliotoka 2018 wenye hatua nne na madaraja A mpaka C. Tumeuliza tukaambiwa mtihani bado unatumia wa zamani. Basi sawa, tunasoma mbili, mmoja wa kufaulia na mmoja wa kutibia.

Vifaa sitaki kuvisema sana maana kila barua ilisema vifaa na jibu ni bajeti. Ila jua tu kwamba kyureti za Gracey, vifaa vya kukwangulia ugaga, namba 11/12 na 13/14 zilizobaki zimenolewa mpaka zimekuwa nyembamba kama sindano ya mkeka, na kifaa butu hakitoi ugaga, kinausugua unakuwa laini unang'aa, ukipitisha probu ya kupimia unateleza unadhani umemaliza kumbe umeupiga msasa umeuacha palepale. Na otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa, tepu ya kwenye pakiti ikibadilika rangi tunaambiwa tayari ni safi, wakati tepu inaonyesha tu kwamba pakiti ilipata joto, haikwambii vijidudu vimekufa. Kipimo cha spora, ndo kinachoonyesha kama mashine inaua kweli, kinatakiwa kila wiki, sijui kiko wapi. Na ile skrini kubwa mpya pale mlangoni inayoonyesha picha zako ukikata utepe, hongera, inaonekana vizuri hata ukiwa barabarani.

Kwa nini walimu hawapo? Kila mtu ana lake. Wengine wanasema mikataba ya wale wa muda iliisha haikuongezwa, wengine wanasema wapo ila asubuhi wako kwenye vikao vya ithibati, eti kuandaa makaratasi ya kuonyesha kwamba kliniki ina walimu. Kama ni kweli hiyo, Mheshimiwa, mimi sina la kuongeza. Wengine wanasema wana kliniki zao binafsi. Mimi sijui na kwa kweli nimeacha kujali sababu, nikikaa pale na mtu amefungua mdomo sababu hainisaidii.

Wagonjwa wenyewe tunawatafuta sisi. Naenda kuomba majirani, naomba ndugu, nauli nawalipia mimi mwenyewe, mwingine anafika anakaa asubuhi nzima anaondoka hajaguswa kwa sababu hakuna wa kunisainia kuanza kazi, na kesho yake hapokei simu. Ada nimelipa. Kiwiko na shingo vinaniuma nikilala, nahisi nashika kifaa vibaya au nakaa vibaya, lakini wa kuniangalia nikakae vipi ndo huyo tunayemtafuta. Nyumbani wananiita daktari wa meno, nimeshachoka kuwasahihisha. Mwaka huu namaliza, nitapewa cheti, nitaajiriwa mahali, atakuja mtu kama yule mama wa vali atakaa kwenye kiti changu ataniamini kwa sababu ya cheti chenye sahihi yako. Nimekosa usingizi kwa hilo, si utani.

Kwenye barua ya kwanza tuliomba mambo mengi. Kyureti mpya, kipimo cha spora, notsi zibadilishwe, simu ya ukutani itengenezwe, fomu ya historia iongezwe maswali kwamba umewahi kufanyiwa operesheni gani na unameza dawa gani za kila siku, badala ya hili la una ugonjwa wowote ambalo kila mtu anajibu hapana. Hilo la fomu halina hata gharama, ni kuchapa tu karatasi. Vyote hivyo bado tunavitaka. Ila nimeshaona ukiomba vingi unaundiwa kamati, na kamati ya mwaka jana bado tunaisubiri itoe ripoti, kwa hiyo naviweka pembeni vyote. Kaa na bajeti yako. Kaa na skrini.

Naomba mwalimu. Mwalimu mmoja, anayejua kazi, awepo kwenye kliniki kuanzia mgonjwa wa kwanza anapokaa mpaka wa mwisho anapoinuka. Asome historia kabla chuma hakijaingia mdomoni. Arudie kupima meno machache tu kati ya niliyopima mimi, tukipishana aniambie wapi. Asisaini asichokiona. Basi. Kama hawezi kupatikana kila siku, basi fungeni kliniki siku ambazo hayupo, tutachelewa kumaliza, tutanuna, lakini fungeni. Na usitutumie mtu wa kuja kukaa ofisini na mlango umefungwa, tunamtaka amevaa glovu.

Jumatatu nina mgonjwa wa asubuhi, ana kisukari anachoma insulini, nimempigia amethibitisha anakuja. Nitamuuliza kama amekula na kama amechoma, glukosi ya kumpa nitakuja nayo mwenyewe kwenye begi maana ya kliniki iliisha muda wake. Lakini sukari ikimshuka akianza kutetemeka na kutoka jasho katikati ya kazi, Mheshimiwa, namwita nani? Nipe jina moja tu kabla ya Jumatatu.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, usafi wa kinywa na meno