Kompyuta haina kosa, waya ndio mbovu

Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme kidogo mafundi wenzangu wa Mtwara na Lindi. Pesa ya korosho ikiingia, watu hununua runinga bapa, monita ya chogo inauzwa chuma chakavu, na kompyuta inaifuata kwa sababu "haitoi picha".

Mara nyingi kosa ni waya. Tundu la VGA, lile la picha la pini 15 nyuma ya kompyuta za zamani, lililoletwa na IBM mwaka 1987, hutuma picha kwa umeme unaopanda na kushuka (analogi). HDMI, tundu la picha la runinga bapa, inapokea tarakimu tu (dijitali). Waya mtupu wenye VGA huku na HDMI kule hautoi kitu hata uuchomeke mara mia. Tafuta kigeuzi chenye chipu ndani na kimkia cha USB cha kuvuta volti 5. Tena soma mwelekeo: cha HDMI kwenda VGA hakifanyi kazi kinyumenyume.

Hata ukikipata, upo mtego mwingine. Maandishi ya mwanzo kompyuta inapowaka huja kwa nukta 720 × 400, picha ikichorwa upya mara 70 kwa sekunde, na baadhi ya runinga huyakataa. Usizime, subiri Windows ifunguke. Giza likibaki, huenda kompyuta ilipangwa kuchora mara 85 kwa sekunde kwa ajili ya lile chogo. Kwenye Windows XP gonga F8 inapoanza kuwaka, chagua Enable VGA Mode, kisha weka 1024 × 768 kwa mara 60.

Commodore 64 na ndugu zake, kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, ni habari nyingine: huchora mistari kama 15,600 kwa sekunde, wakati VGA inaanzia 31,500. Hizo zipitishie tundu la njano la AV la runinga.

Ikiwa kompyuta inawaka feni tu, sasa fungua. Kwa upepo huu wa bahari, anza na ramu (kile kibao cha kumbukumbu): chomoa, sugua meno yake kwa raba ya penseli, futa kwa spiriti, irudishe mpaka vibanio vilie. Halafu tazama kapasita karibu na prosesa. Zilizofura kichwa zibadilishe kwa µF ileile (ukubwa ulioandikwa juu yake), volti sawa au zaidi, za nyuzi 105 za joto na ukinzani mdogo (low ESR); mstari pembeni ni hasi. Ukibandika ya redio kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, itafura tena. Kwenye kompyuta kongwe za prosesa ya 386 na 486, betri ya pipa ikivuja hula njia za shaba: itoe, sugua kwa siki, kisha spiriti.

Kabla ya kuwasha, kiswichi chekundu cha volti nyuma ya pawasaplai kisome 230. Kikiwa kwenye 115, inalipuka papo hapo.

Na wanaopasua chogo kutafuta shaba: bomba lile hubaki na maelfu ya volti hata waya ukishachomolewa ukutani.

Fundi kompyuta,
Mikindani, Mtwara