Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu Tanzania: asilimia kumi ya nini?

Ndugu Katibu Mtendaji,

Salaam. Mimi ni mwigizaji wa filamu za bajeti ndogo hapa Dar es Salaam. Nakuandikia kuhusu ile ahadi tunayopewa kabla kamera haijawashwa: "Sasa hivi hela hakuna, ila filamu ikiuza, asilimia kumi ni yako."

Asilimia kumi ya nini? Tuchukue mfano wa kubuni. Filamu imekula milioni 40 za mwekezaji, na waigizaji wamekubali milioni 6 za malipo yao zisubiri. Msambazaji akishakata chake, zimeingia milioni 70. Mwekezaji anarudishiwa 40 zake na nyongeza ya asilimia 20, jumla 48. Waigizaji wanalipwa 6 zao. Zinabaki 16: nane za mwekezaji, nane za prodyuza. Asilimia kumi ya mapato yote ni milioni 7. Ya hizo 16 ni milioni 1.6. Ya fungu la prodyuza ni laki nane.

Na hapo prodyuza ni mwaminifu. Akiamua kwamba mafuta ya gari lake na kodi ya ofisi ni gharama za filamu, hizo 16 zinayeyuka. Wala si tabia ya Kariakoo peke yake. Mwaka 1990 mahakama ya Los Angeles iliikataa fomula ya kukokotoa faida ya Paramount, kampuni ya filamu ya Marekani, iliyodai kwamba filamu yake *Coming to America*, pamoja na mamilioni yote iliyoingiza, haikuwa na faida ya kugawana. Mdai, Art Buchwald, mwandishi aliyeiuzia Paramount wazo la hadithi, angalau alikuwa na mkataba wa kupeleka mahakamani. Sisi tuna meseji za WhatsApp, nyingine zimeshafutwa.

Mwekezaji naye haponi. Mtu aliyetoa kiinua mgongo chake bila kuandikiwa kama ni wa kwanza kulipwa, akiumia harudi tena.

Bodi yako hudai mswada kabla ya kutoa kibali. Ongezeni ukurasa mmoja wenye saini za wote: nani analipwa kwanza, gharama zipi zinakatwa na mwisho wake ni kiasi gani, hesabu zionyeshwe lini, na itakuwaje filamu ikiuzwa moja kwa moja kwa malipo ya mkupuo mmoja. Hilo la mwisho ndilo linalotumaliza, maana prodyuza akishapokea hela ya mkupuo husema hakuna mauzo tena.

Sikuombi upange nani apate ngapi. Hayo tutavutana wenyewe. Naomba tu kibali kisitoke ukurasa huo ukiwa mtupu.

Wako katika sanaa,
Mwigizaji, Dar es Salaam