Fizi za paka zisisubiri hadi asuse chakula

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wafugaji kwamba paka mwenye fizi zilizovimba mara nyingi huendelea kula huku akiumia, kwa hiyo kungoja hadi asuse chakula ni kumchelewesha. Mwinue taratibu mdomo wa juu utazame magego: ukiona mstari mwekundu kwenye fizi, au ukoga wa manjano uliokwisha kuwa mgumu, mpeleke kwa daktari wa mifugo, wala usiukwangue mwenyewe. Kumpiga mswaki mdogo laini upande wa nje wa meno, kila siku ikiwezekana, huondoa utando kabla haujagandamana. Dawa ya meno ya binadamu isitumike kamwe, kwa kuwa paka huimeza na inaweza kumdhuru. Ipo iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Msomaji wako,
Mfugaji wa paka