Kwa mpwa wangu anayetaka kununua saksafoni ya zamani

Mpwa wangu,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Mama yako ameniambia umeona saksafoni ya zamani huko Indiana na pesa umeshaziandaa. Kabla hujazitoa, soma haya kwanza. Nayaandika hadharani kwa sababu vijana wengi wa bendi za kanisa na za dansi wanauliza hayo hayo.

Huko uliko ndiko kwenyewe. Saksafoni za chapa za Conn, Buescher na Martin zote zilitengenezwa Elkhart, mji wa huko huko Indiana, kwa hiyo utakutana nazo sana. Selmer Mark VI, inayotafutwa na kila mtu, ilitoka Ufaransa kuanzia 1954 hadi katikati ya miaka ya 1970, na nyingi zilizouzwa Marekani ziliunganishwa hapo hapo Elkhart. Lakini jina peke yake lisikutoe pesa. Pedi (vile vifuniko laini vya kuziba matundu), springi na vizibo hubadilishwa. Shaba iliyopinda au kulika ndiyo inayokula thamani, basi kagua shaba kwanza.

Tafuta namba ya chombo nyuma ya mwili, usawa wa kidole gumba cha kulia au chini yake. Kwenye ala za Kimarekani za miaka ya 1920 kurudi nyuma, soma pia herufi zilizogongwa karibu nayo. L, au maneno "Low Pitch", maana yake noti yake ya A hutetema mara 440 kwa sekunde, kama vyombo vya leo. H ni ya sauti ya juu, A kama 457. Ya H iache hata ukiuziwa kwa bei ya karanga, maana hakuna fundi atakayeifanya ipatane na kinanda. Ukiona C, hiyo si alto wala tenori, zile saksafoni mbili za kawaida, ndogo na kubwa yake. Ni ya ufunguo wa C, umbo lake ni katikati ya hizo mbili, na bei yake huwa ndogo. Wauzaji wasioijua huiita tenori.

Sasa shika shingo, lile bomba lililopinda la juu linaloshika kipulizio, na hapa usiharakishe. Ichomoe, iinue usawa wa jicho, itazame kwa ubavu. Shingo iliyovutwa chini na mikono inayosukuma kipulizio kwa nguvu hupoteza uviringo wake kwenye kona: juu na chini hubonyea, ubavuni hutanuka, na mara nyingi chini ya kona huwa na mikunjo midogo unayoisikia kwa ukucha. Sauti za juu huanza kwenda nje ya tyuni. Hunyooshwa, ila bei ishuke. Kisha ziba tundu la oktava, lile dogo lililo juu ya shingo, kwa kidole, ziba mwisho mmoja kwa kiganja, nyonya mwisho wa pili. Ikishikilia ulimi wako kwa sekunde kadhaa, haivuji. Angalia pia madoa mekundu au ya waridi: zinki imetoka kwenye shaba na imebaki shaba nyekundu dhaifu. Yakiwa yametokea ndani kuja nje, shingo hiyo haina maisha marefu.

Kwenye mwili, chunguza pale mkono wa chuma unaposhikanisha mdomo mpana na bomba. Chombo kikianguka, mkono huo husukumwa ndani na kuacha bonde pembeni ya lehemu. Bomba nalo hupinda, fito zinazobeba vitufe zikaanza kukwama na matundu yakaacha kulingana na pedi.

Matundu yenyewe yana mambo yake kwa kila kiwanda. Conn nyingi za kabla ya 1947 hivi zina kingo zilizokunjwa kwa nje. Akipita fundi na tupa akazisawazisha, amekata ule mkunjo, na haurudi. Za Martin zimeunganishwa kwa lehemu, na lehemu hiyo ikilika hewa hutoroka chini ya tundu huku pedi ikionekana nzima. Buescher za zamani zina vishikizo vya kubana pedi katikati. Vikikatwa, thamani imepungua.

Kung'aa kusikudanganye. Pitisha kidole juu ya nakshi na namba. Zikiwa kali, laka, ile rangi ang'avu inayolinda shaba, huenda ni ya asili. Zikiwa laini kama sabuni iliyotumika, chombo kimesuguliwa kwa mashine na kupakwa upya. Kinaweza kupiga vizuri sana, ila usikilipie bei ya kile kilichochakaa kwa halali na laka yake ya kwanza.

Mwisho ingiza taa nyembamba ndani ya bomba, chumba kiwe giza, bonyeza vitufe polepole bila kukaza. Mwanga ukichungulia kando ya pedi, hapo panavuja. Vitikise vitufe kwa urefu wa fito. Vikicheza sana, kuna kazi ya fundi. Matengenezo kamili ya pedi zote huko Marekani hugharimu takriban dola 800 hadi 1,500, wakati mwingine zaidi. Chukua bei ambayo ala kama hiyo, iliyokwisha kutengenezwa, huuzwa kweli, toa gharama hiyo, na kinachobaki ndicho kikomo chako.

Ukitaka niitazame, nitumie picha nne bila flashi: namba, shingo kwa ubavu, ule mkono wa mdomo mpana, na nakshi kwa karibu. Usimpe muuzaji hata arubuni kabla sijakujibu.

Mjomba wako