Jumamosi tunazamisha bodi tupu ya nyambizi yetu

Habari zenu wote,

Jumamosi hakuna mtu atakayeingia ndani ya nyambizi. Najua wengine hamu imewajaa, lakini bodi itateremka tupu kwa kamba, ikiwa na vyuma vya kuizamisha, hadi mita 25. Kina chetu cha kazi ni mita 20, hiyo ziada ndiyo akiba yetu. Itakaa huko saa nzima.

Kila mita 10 huongeza shinikizo la karibu angahewa moja (yaani sawa na shinikizo la hewa ya kawaida). Dirisha letu lina kipenyo cha sentimita 30, kwa hiyo kwenye mita 20 linasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo 1,400. Bodi ikipandishwa, nitapitisha karatasi kavu kuzunguka mpira wa mfuniko na kwenye matundu ya nyaya. Karatasi ikilowa hata kidogo, tunarudi karakana, na mjadala umeisha.

Betri zifungwe chini kabisa. Kitovu cha uzito kikipanda juu ya kitovu cha ueleaji (pale nguvu ya maji ya kukiinua chombo inapokusanyika), chombo kitapinduka.

Kwa wale mnaotaka injini kubwa ili twende kasi (mnajijua): mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika hufika karibu mara nane. Afadhali tuchonge mkia. Pua butu ya mviringo haina shida, ni nyuma pakikatika ghafla ndipo maji yanapovurugika na kuturudisha.

Mwenye kamba nene ajibu leo.